Mzazi, Usiniulize Urudi Saa Ngapi

Jumamosi iliyopita nimeulizwa tena, pale pale mlangoni, na baba ambaye hata hajashuka kwenye bodaboda: "Mwalimu, nirudi kumchukua saa ngapi?" Jibu langu ni lile lile: hurudi, kwa sababu huondoki. Darasa hili ni la mzazi na mtoto.

Ninafundisha amadinda, marimba ya Waganda, hapa Kampala, na familia zangu nyingi ni za wasema Kiswahili waliotoka Kongo, wanaokaa Nsambya na Katwe. Amadinda ni mbao 12 zilizolazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba. Wapigaji ni watatu. Omunazi ndiye anayeanza, mapigo yake yakifuatana kwa nafasi sawa. Omwawuzi anakaa ng'ambo, wanatazamana, na kila pigo lake sharti liangukie katikati ya mapigo mawili ya mwenzake. Omukoonezi yeye ana mbao mbili tu za mwisho, zile za sauti nyembamba, anarudia humo, kwa sauti ya juu, zile sauti za chini zinazozaliwa kati ya wale wawili. Wimbo unaousikia ukiwa barabarani hakuna hata mmoja wao anayeupiga peke yake. Sasa ukimwacha mtoto ukaenda zako, ng'ambo akae nani?

Na wanaobaki nao wana lao: wanataka kuwa omunazi, kwa kuwa wao ni wakubwa. Nakataa kila mara. Anayeanza ni mtoto. Kushika mwendo mtoto wa miaka minane anaweza. Kazi ngumu ni kuingia katikati bila kumezwa, na hiyo nampa mtu mzima.

Kuna mama mmoja na kijana wake. Kila mama alipoingia, baada ya mapigo manne alikuwa ameshateleza juu ya mapigo ya mtoto, wanagonga pamoja, ko, ko, ko. "Ngoja kwanza, papa," akamwambia mwanawe, na mkono ukavuka mbao kushika kijiti cha mtoto. Nikauondoa. Mtoto akingoja, mama hana pa kuingia. Jumamosi ya tatu aliacha kutazama mikono yake, akatazama mabega ya mwanawe, akaingia. Mtoto alifumbua macho makubwa, lakini hakuacha kupiga. Hapo hakuna aliyemsaidia mwenzake kwa huruma: kila mmoja alimhitaji mwingine ashike lake.

Mtaniuliza hayo yanasaidia nini kwenye PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, wenye masomo manne na muziki si mojawapo. Sijui. Nimeona watoto wakitulia, lakini siwezi kuapa kwamba ni amadinda iliyowatuliza na si ule muda wa kukaa na mzazi bila kutumwa wala kukaripiwa.

Linaloninyima usingizi ni jingine. Mama anayeuza nyanya akikaa kwangu Jumamosi asubuhi, siku hiyo hauzi. Nikishikilia kwamba lazima abaki, huenda namfungia mlango yule yule ninayemtaka. Shangazi, babu, kaka mkubwa, wote nawapokea. Na kuanzia wiki ijayo kutakuwa na zamu ya pili, Jumapili saa kumi jioni.

Yule baba wa bodaboda alibaki. Alikaa ng'ambo ya binti yake, kofia ya pikipiki mapajani, akateleza mara sita. Ya saba nilikuwa sihesabu tena.