Kumhurumia mtu si kubariki dhambi

Kuna hii dhana huku Nairobi, Kayole mpaka Kawangware utaisikia, eti ukimhurumia msichana aliyepata mimba nje ya ndoa umebariki dhambi, so mtu wa Mungu lazima akunje uso kwanza. Si hivyo jamani. Soma Yohana 8 polepole, yule mwanamke aliyefumaniwa akizini anaambiwa na Yesu kwanza "wala mimi sikuhukumu" ndio baadaye anaambiwa asitende dhambi tena, sisi tumegeuza, tunataka atubu ndio tumsalimie. (Mwanaume aliyekuwa naye hata hatajwi, lakini hiyo ni stori ingine.) Waislamu nao wana hadithi ya kahaba aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Kwa hivyo mpelekee huyo msichana unga na nepi, mahubiri yatangoja.