Muda wa skrini si simu peke yake

"Mwanangu hana muda wa skrini, simu simpi kabisa." Kauli hii husemwa na wazazi wanaowajali watoto wao kwelikweli, na mara nyingi husemwa huku televisheni inaunguruma sebuleni tangu asubuhi. Muda wa skrini ni muda ambao mtu anautumia kwenye kioo chochote: televisheni, kompyuta, tableti au simu. Haijalishi kioo ni kikubwa au kidogo, wala kiko mkononi mwa nani. Maana yenyewe inaishia hapo. Shida iko kwenye matumizi.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa watoto wa chini ya miaka 5 mwezi Aprili 2019, na tangu hapo umenukuliwa kana kwamba ni mwongozo wa simu. Sivyo. Ni mwongozo wa kujishughulisha kwa mwili, kukaa tu na kulala. Skrini imeingia humo kwa sababu inamkalisha mtoto, na ndiyo maana kinachohesabiwa ni muda anaotazama akiwa ametulia; mchezo wa kwenye skrini unaomfanya aruke na kurusha mikono haumo. Mwongozo huohuo unataka mtoto wa mwaka 1 hadi 4 apate angalau dakika 180 za kuchangamsha mwili kila siku, asifungwe kwenye kiti au kubebwa mgongoni zaidi ya saa 1 mfululizo, na akifikia miaka 3 alale saa 10 hadi 13 kwa siku. Akikaa, asomewe au asimuliwe hadithi na mtu mzima. Ukiyasoma hayo pamoja unaona wazi swali lililoulizwa: skrini imechukua nafasi ya nini?

Swali hilo ndilo linalonifanya niitaje televisheni ya sebuleni. Wengi hawaihesabu kwa sababu mtoto yuko sakafuni na vitu vyake, haiangalii. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha utafiti wa watoto wa miezi 12, 24 na 36 waliokuwa wakicheza huku kipindi cha watu wazima kikiendelea pembeni. Watoto waliinua macho kwa sekunde chache tu kila mara. Hata hivyo kila mchezo ulikatika mapema kuliko televisheni ilipozimwa, na umakini wao ulipungua. Mtazame mtoto anayepanga vibao: anaweka cha pili, makofi yanalipuka kwenye televisheni, anageuka, na anaporudi anashika kitu kingine. Ule mnara haumaliziki. Na mzazi naye, akiwa na macho kwenye kipindi, huongea na mtoto kidogo kuliko kawaida.

Upande wa pili kuna wanaoogopa kupita kiasi, hata bibi akipiga simu ya video wanamwondoa mtoto haraka. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika ushauri wake wa 2016, kilisema watoto wa chini ya miezi 18 waepushwe na skrini isipokuwa mazungumzo ya video. Sababu inaeleweka: bibi anajibu. Mtoto akicheka, naye anacheka. Akionyesha kidole, anaulizwa ni nini kile. Katuni haifanyi hivyo, hata ikiwa imeandikwa kwamba ni ya elimu, na watoto wa chini ya miaka 2 hujifunza kwenye video kwa shida kuliko wanavyojifunza kwa mtu aliye mbele yao. Ndiyo maana hata kwa wakubwa kidogo madaktari hao hushauri mzazi akae, atazame pamoja na mtoto na kumweleza anachokiona.

Linaloniudhi zaidi ni ile "saa moja". Mwongozo wa 2019 unasema mtoto wa chini ya mwaka 1 asiwekwe mbele ya skrini kabisa, wa mwaka 1 haishauriwi, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku. Ikipungua ni bora zaidi. Sasa watu wanaigeuza saa hiyo kuwa dozi. Utasikia, "Leo hajamaliza saa yake," kisha mtoto aliyekuwa anakimbia uani anaitwa ndani aje atazame. Au aliyekosa jana analipwa leo saa mbili. Hakuna mtoto aliyeandikiwa saa moja. Huo ni ukomo, kwa hiyo sema "isizidi saa moja", na siku ikipita bila skrini, mtoto hadai kitu kesho yake.