Je, wajua kwa nini gundi inabaki kwenye jezi hata namba ikishabanduka?

Ukibandua namba mgongoni mwa jezi mara nyingi namba yenyewe haisumbui sana, 9 yako inatoka nzima unaishika mkononi, ila kule mgongoni inabaki 9 nyingine ya gundi, inang'aa kidogo, ukiigusa inanata, na ukiivaa siku mbili tatu inakusanya vumbi na nyuzinyuzi za nguo nyingine mpaka inakuwa ya kijivu. Hapo karibu kila mtu anauliza swali lilelile, "nisugue na nini hii itoke?", na tatizo linaanzia hapohapo kwenye swali, maana ukisema kusugua unakuwa umeshaamua kwamba gundi imekaa juu ya kitambaa kama tope. Kumbe imekaa ndani, katikati ya nyuzi, imezizunguka na kukaukia humo, ndo maana watu wanasugua na brashi mpaka kitambaa kinatoka vinyoya na gundi bado ipo palepale inawaangalia.

Enzi za namba za kushona hili swali halikuwepo. Namba zilivaliwa kwenye ligi ya England kwa mara ya kwanza tarehe 25 Agosti 1928, Arsenal walipocheza na Sheffield Wednesday na siku hiyohiyo Chelsea wakacheza na Swansea, na kwa miaka mingi baada ya hapo namba mgongoni ilikuwa kipande cha kitambaa na uzi, ukitaka kuitoa unafumua. Msimu wa 1993/94 Ligi Kuu ya England ikaanza kumpa mchezaji namba moja ya msimu mzima na jina lake juu, shabiki naye akataka jina, na kushona herufi moja moja kwa kila mteja ni kazi ndefu wakati mashine ya joto inabandika mgongo mzima kwa sekunde 15 hivi. Gundi ndo ikatawala.

Kabla ya kuendelea hakikisha kwanza namba yako ni ya kubandika kweli, kwa sababu ziko aina ambazo gundi haihusiki kabisa. Pitisha kidole pembeni ya namba. Ukihisi kingo, yani unapanda kangazi kadogo, hiyo ni karatasi ya plastiki iliyokatwa ikabandikwa, au ni zile namba zenye manyoya laini kama velveti, na hizi zote zina gundi chini. Ukihisi kitambaa tu, hakuna kingo wala uzito, hiyo rangi imepikwa kuingia ndani ya uzi wenyewe kwa joto la digrii 180 mpaka 210, na hapo hakuna cha kubandua, usipoteze muda wala usiiharibu jezi. Halafu kuna wino mzito wa kuchapa kwa fremu, unahisi kama mpira mwembamba lakini hauna kingo ya kuinua kwa kucha, huo umeiva na kushikana na kitambaa moja kwa moja na kuutoa ni shida nyingine kabisa. Maelezo yanayofuata ni ya zile za kubandika.

Sasa twende kwenye gundi yenyewe. Namba ya kubandika ina tabaka mbili, juu plastiki yenye rangi, chini gundi kavu ambayo kwa joto la kawaida hainati kabisa, unaweza kuishika kutwa nzima. Gundi hii mara nyingi ni ya jamii ya poliyurethani au ndugu zake, ni plastiki ambayo ukiipa joto inalainika mpaka inatiririka, ukiiacha ipoe inakuwa ngumu tena, na unaweza kurudia hivyo mara nyingi. Fundi anaweka namba kwenye jezi, anashusha mashine yenye digrii 150 hivi na mgandamizo wa nguvu, na kwenye zile sekunde chache gundi inageuka uji mzito na kusukumwa chini.

Fikiria nta ya mshumaa imekudondokea kwenye nguo. Inapotua ni maji, na nguo sio ubao, ni mtandao wa nyuzi zenye nafasi katikati, kwa hiyo nta inaingia kwenye zile nafasi, inapita chini ya uzi huu na juu ya ule, halafu inapoa. Ikishapoa hauna tena nta juu ya nguo, una nta iliyokumbatia nyuzi, na ukikwangua na kisu unaondoa kile kibonge cha juu ila doa la chini halitoki maana limefungwa na kitambaa chenyewe. Gundi ya namba inafanya hivyohivyo lakini inazidi, kwa sababu nta inadondoka yenyewe polepole wakati gundi inasukumwa na mashine, na kwa sababu uzi mmoja wa poliesta, ule uzi wa plastiki unaofumia jezi nyingi, ukiuangalia kwa karibu ni fungu la vinyuzi vingi sana, kila kimoja chembamba kuliko unywele, na gundi inapenya mpaka katikati ya vile vinyuzi. Kemia ya kushikana nayo inachangia, ila kazi kubwa inafanywa na huku kukumbatiana.

Ukitaka kuliona kwa macho chukua jezi yenye gundi iliyobaki, ipeleke dirishani, iinamishe taratibu mpaka mwanga uipige kwa pembeni. Utaona ule mng'ao haufuniki kitambaa kama utando, unaona mistari ya ufumaji ipo, vile vitundu vya kupitisha hewa vingine vimeziba na vingine viko wazi, na kila mng'ao uko kwenye mfereji kati ya uzi na uzi. Brashi haifiki kwenye ile mifereji, inapiga migongo ya nyuzi tu, na migongo ndo inayochanika.

Sasa kwa nini namba inatoka na gundi inabaki, kwani si zilikuwa kitu kimoja? Hapa ndo napapenda zaidi. Unapovuta namba kuna sehemu tatu zinazoweza kuachia: plastiki na gundi zikaachana, gundi ikaachana na kitambaa, au gundi ikachanika yenyewe katikati, nusu ikaenda na namba na nusu ikabaki. Itaachia ile iliyo dhaifu kuliko zote kwa wakati huo, na joto linabadilisha nani ni dhaifu. Gundi ikiwa ya baridi ina nguvu, haichaniki ndani yake, kwa hiyo ukivuta kwa nguvu unaweza kuchana plastiki au kitambaa chenyewe kabla ya gundi kukubali. Ukiipasha moto inalainika, namba inanyanyuka kirahisi, watu wanafurahi, lakini gundi iliyolainika sana haina nguvu ya kujishika yenyewe, ile ya juu inaondoka na namba na ile iliyokumbatia nyuzi inabaki. Ukinyanyua kona ya namba ya moto sana utaona vijiuzi vyembamba vya gundi vinavutika kati ya plastiki na kitambaa, vinarefuka, vinakatika, na pale vinapokatika ndo gundi inagawanyika. Yani joto lilelile linalokurahisishia kutoa namba ndilo linalokuachia gundi!

Na mwendo wa kuvuta nao unahesabika, kwa sababu gundi ya aina hii ni nusu kitu kigumu nusu uji. Ukiivuta polepole inajibu kama uji, inatiririka na kugawanyika, ukiivuta haraka inajibu kama kitu kigumu, inaachia bila kutiririka. Kwa hiyo unachotafuta ni joto la kati, gundi iwe imelegea ila isiwe inatiririka, halafu unakunja namba kurudi nyuma juu yake yenyewe na kuivuta kwa mwendo mmoja bila kusimama simama. Ni digrii ngapi hasa? Inategemea, kila mtengenezaji ana mchanganyiko wake, nyingi zinaanza kulegea kati ya digrii 100 na 130, zingine chini ya hapo, ndo maana unaanza na pasi ya moto mdogo na kupanda taratibu, karatasi ya kuokea ikiwa katikati ya pasi na namba. Na usisahau kuweka kadibodi au taulo ndani ya jezi, kwa sababu nembo ya mdhamini kifuani nayo mara nyingi imebandikwa kwa joto, ukipiga pasi mgongoni bila kizuizi unaiyeyusha ya mbele ikanatana na mgongo.

Jezi za miaka mingi zina mambo yake. Unyevunyevu unakatakata taratibu minyororo ya molekuli za baadhi ya poliyurethani, gundi inageuka ya kunata hata bila joto, namba inapasuka vipande vidogo vidogo, na hapo huwezi kupanga itaachia wapi, inaachia popote.

Haya, gundi imeshabaki, inatokaje? Kwa sababu iko ndani, lazima uilainishe kisha uipe mahali pengine pa kwenda, hatua zote mbili, na watu wengi wanafanya ya kwanza tu. Njia ya joto ni hii: chukua kipande cha fulana ya pamba usiyoihitaji, kiweke juu ya gundi, piga pasi sekunde chache kwa kukandamiza, halafu subiri ipoe kidogo na ukivute. Gundi iliyoyeyuka imeingia kwenye pamba kama ilivyoingia kwenye jezi, sasa imekumbatia vitambaa viwili, na kwenye kuvutana sehemu yake inaenda na pamba. Haitoki yote kwa mara moja, unabadilisha kipande kisafi na kurudia, kila raundi inapungua.

Njia ya pili ni kiyeyushi, yani kimiminika cha kulainisha gundi, na hapa fundi wengi wana dawa maalumu ya kutolea namba, wengine wanatumia asetoni au spiriti. Kiyeyushi kinaivimbisha gundi, inakuwa tepetepe na kulegeza mikono yake kwenye nyuzi. Kosa linalofanyika ni kumwaga upande wenye gundi na kusugua, unaieneza tu, na kiyeyushi kikishapaa hewani gundi inarudi kuwa ngumu ikiwa imeshika eneo kubwa zaidi. Geuza jezi nje ndani, laza upande wenye gundi juu ya kitambaa cheupe, dondosha kiyeyushi kwa nyuma, subiri kidogo, gandamiza. Gundi iliingia kutokea mbele, kwa hiyo unaisukuma irudi ilikotoka, iingie kwenye kitambaa cheupe, na unahamisha kitambaa sehemu safi kila mara. Ukimaliza fua kwa sabuni.

Poliesta yenyewe inavumilia asetoni, ila jezi sio poliesta tupu. Uzi unaovutika, spandeksi, ni poliyurethani, ukoo mmoja na gundi unayoitafuta, kwa hiyo kiyeyushi kinachoivimbisha gundi kinaweza kuuchosha na huo uzi. Nembo za kuchapa nazo zinaweza kuyeyuka, na kama lebo inasema asetati basi asetoni isiisogelee kabisa, inaitoboa. Jaribu kwanza sehemu iliyojificha, kwenye pindo la ndani. Na vitu hivi vinashika moto haraka sana, fanya sehemu yenye hewa, mbali na jiko na sigara, usipige pasi kitambaa ambacho bado kina kiyeyushi, na petroli achana nayo kabisa, hakuna jezi yenye thamani ya kuungua mikono.

Maji ya moto na sabuni hayafanyi kitu cha maana kwa gundi hii, sabuni inanyanyua mafuta na uchafu, sio plastiki. Friza nayo watu wanaisifia sana, na kwa nta ni kweli, nta ikiganda inavunjika vipande, lakini poliyurethani nyingi bado zinanyumbuka hata kwenye digrii -18 za friza ya nyumbani, kwa hiyo unatoa jezi ya baridi yenye gundi ileile. Baadhi ya plastiki za zamani zinakakamaa kwa baridi, labda ndo zilizowapa watu hiyo imani.

Kuna kitu kimoja kitakachokuchanganya ukishamaliza: gundi imetoka yote, mkono unateleza, lakini 9 bado inaonekana. Usiendelee kumwaga dawa, hiyo sio gundi. Jua na kufua vimepausha jezi nzima isipokuwa pale palipofunikwa, kwa hiyo pale ndo rangi halisi ya jezi na kilichobadilika ni pembeni. Pia poliesta inaanza kulainika kwenye digrii 70 au 80, mashine ya digrii 150 ikiigandamiza nyuzi zinalala bapa na kurudisha mwanga tofauti na majirani zake. Na kwenye jezi za rangi kali, nyekundu hasa, rangi yenyewe inahama kwa joto kutoka kwenye uzi kwenda kwenye namba, ndo maana namba nyeupe inageuka pinki, na kilichohama hakirudi. Nyuzi zilizolala unaweza kuziinua kidogo kwa mvuke wa pasi bila kugusa kitambaa. Kupauka hakuna dawa, na kama una mpango wa kubandika namba mpya basi chagua inayofunika ile ya zamani, 8 juu ya 3 inafaa, 1 juu ya 8 itaonekana kila ukipita kwenye mwanga.