Je, wajua kwa nini radi hupiga mluzi?

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walichomeka vyuma ardhini karibu na mahandaki ya adui, wakaviunganisha na amplifaya na kutega sikio: mazungumzo ya simu za waya yalikuwa yakivuja udongoni. Mara nyingine maneno yalimezwa na mluzi mwembamba, unaoanza juu na kuteremka, piiiuuu, kwa sekunde moja hivi. Askari walidhani ni mabomu yanayopita angani. Mwanafizikia Heinrich Barkhausen aliandika kuhusu sauti hiyo mwaka 1919, lakini maelezo yaliyoshika yalikuja 1953 kutoka kwa kijana wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Owen Storey. Alisema ni radi, tena iliyopiga upande wa pili wa dunia.

Radi hutoa mawimbi ya redio ya masafa mengi kwa mkupuo mmoja, na sehemu kubwa ya nguvu yake iko kwenye kilohezi chache tu, yaani mitikisiko elfu chache kwa sekunde. Masafa hayo ni sawa na ya sauti tunazosikia, hivyo waya mrefu na amplifaya vinatosha kuyageuza yasikike. Radi ya jirani husikika kama "tak!" kavu. Hiyo "tak!" inageukaje kuwa mluzi?

Kuanzia kilomita 60 hivi juu yetu, mionzi ya jua hung'oa elektroni kutoka kwenye chembe za hewa, na gesi hiyo yenye chaji ndiyo plazima. Kwa kawaida wimbi la redio la masafa ya chini likigonga plazima hurudishwa, kwa sababu elektroni ni nyepesi na huwahi kujipanga dhidi yake. Kurudishwa huko ndiko kulikowaletea wazee wetu Idhaa ya Kiswahili kutoka London kwa masafa mafupi. Plazima ya mchana huweza kurudisha hata mawimbi ya megahezi kadhaa. Kwa hesabu hiyo, wimbi la kilohezi 5 halina njia kabisa ya kutoka.

Linalolifungulia njia ni sumaku ya dunia. Ndani ya uga wa sumaku, elektroni ni kama shanga iliyotungwa uzini: huteleza kwenda na kurudi, ila haiwezi kuuacha uzi wake. Karibu na dunia huuzunguka mstari wake wa sumaku, ndio huo uzi, takriban mara milioni moja kwa sekunde. Wimbi la radi likiisukuma kwa ubavu, haikimbii kuelekea ilikosukumwa, hivyo ule ukuta wa kulizuia wimbi haujengeki. Lakini si wimbi lote linalopita. Hugawanyika sehemu mbili zinazozunguka pande tofauti. Ile inayozunguka upande mmoja na elektroni hupenya, nyingine hurudishwa.

Iliyopenya hufuata mistari ya sumaku, hupanda maelfu ya kilomita, huvuka juu ya ikweta na kushuka kwenye kizio kingine. Njiani kasi yake huwa ndogo kuliko ya mwanga mara kumi hivi, na hapa ndipo mluzi unapozaliwa: masafa ya juu hukimbia zaidi. Kilohezi 8 zikifika baada ya sekunde moja, kilohezi 2 hufika baada ya sekunde mbili. Mkupuo ulioondoka pamoja unawasili umenyooshwa, sauti nyembamba mbele, nzito nyuma. Wakati mwingine wimbi hugonga na kurejea lilikotoka, na mluzi husikika tena, mrefu zaidi.

Storey alipopima ucheleweshaji huo alikuta kwamba umbali wa kilomita 12,000 juu kuna mamia ya elektroni katika kila sentimita ya ujazo, mahali palipodhaniwa karibu patupu. Mwaka 1963 Don Carpenter wa Stanford alitumia miluzi hiyohiyo kuonyesha kwamba plazima hiyo hukoma ghafla mbali huko juu. Vyombo vya anga vya Kisovieti vilikuwa vimeshaona dalili zake. Sayansi ya bei nafuu sana, ukiniuliza. Mwaka 1979 chombo cha anga Voyager 1 kikanasa miluzi kwenye Mshtarii, ushahidi kwamba huko nako radi hupiga.

Na huku kwetu? Kabare, mashariki mwa Kongo, ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani, na Ziwa Viktoria halina uhaba wa ngurumo. Lakini kuusikia mluzi huku ni nadra. Karibu na ikweta ya sumaku mistari hulala karibu sambamba na ardhi. Wimbi linalopanda kutoka chini haliipati ya kulichukua hadi juu. Anayeutafuta aende latitudo za kati au zaidi: New Zealand, au kituo cha Halley huko Antaktika, mbali na nyaya za umeme ambazo mngurumo wake wa hezi 50 huziba kila kitu.