Maana ya eneo la ukuaji wa karibu katika ufundishaji

Eneo la ukuaji wa karibu ni nafasi iliyopo kati ya kazi anayoiweza mtoto peke yake na ile anayoiweza akisaidiwa na mwalimu, mzazi au mwenzake anayejua zaidi. Dhana hii iliasisiwa na Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti aliyefariki mwaka 1934. Alitoa mfano wa watoto wawili ambao, wakipimwa kila mmoja peke yake, wote hufikia maswali ya kiwango cha miaka 8; lakini wakipewa vidokezo, mmoja hufika kiwango cha miaka 12 na mwingine huishia cha miaka 9. Mtihani wa kawaida ungewapa alama sawa, na kwa sababu hiyo naiona dhana hii kuwa na uzito mkubwa katika shule zetu za msingi, ambako alama ya mtihani huchukuliwa kuwa ndiyo akili ya mtoto.

Tumchukue mwanafunzi wa gredi ya tatu mjini Lamu anayetakiwa kutoa 27 katika 52. Ameandika 35, kwa kuwa katika kila safu ametoa tarakimu ndogo katika kubwa bila kujali ipi iko juu. Mwalimu akimwandikia 25 ubaoni, mtoto atanakili, na kesho atarudia kosa lile lile. Afadhali ampe vijiti 52 vilivyofungwa makumi makumi, mafungu matano na viwili vya pembeni, kisha amuulize: “Unavyo viwili tu, hivyo saba utavitoa wapi?” Mtoto akifungua fungu moja mwenyewe, akabaki na mafungu manne na vijiti 12, njia ameiona. Swali linalofuata hupewa bila kidokezo, na baadaye bila vijiti.

Msaada wa namna hii ndio ambao David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross waliuita kiunzi mwaka 1976, walipoeleza jinsi watoto wadogo walivyosaidiwa kujenga piramidi ya vipande vya mbao. Kiunzi huondolewa jengo likisimama, na walimu wengi, kwa huruma tu, hukiacha muda mrefu mno.

Vygotsky aliitazama lugha kuwa chombo cha kufikiria. Kwa hiyo kidokezo kwa mtoto wa Lamu kitolewe kwa lugha anayofikiria kwayo, hata kama swali kitabuni limeandikwa kwa Kiingereza.