Xeon peke yake haitaharakisha uhariri wako

Wahariri wengi huamini wakinunua kompyuta ya kitaalamu yenye prosesa ya Xeon (aina ya Intel kwa kompyuta za kazi nzito), video itaacha kukwamakwama. Si lazima. Simu na kamera nyingi hubana video kwa H.264 au H.265: picha nyingi huhifadhi mabadiliko tu, hivyo ukirudi nyuma kidogo, kompyuta hufumua picha kadhaa ili ikuoneshe moja. Prosesa nyingi za kawaida za Intel zina Quick Sync, sehemu maalumu ya kazi hiyo. Xeon nyingi hazina. Inauma kuona mtu amevunja kibubu bure! Kwanza tengeneza nakala nyepesi za 720p (picha ndogo) kwa ProRes, muundo unaohifadhi kila picha nzima hivyo ni rahisi kufumua, uzihariri kwenye SSD, yaani diski ya kasi. Wakati wa kutoa video iliyokamilika, programu hurudi kutumia video halisi badala ya nakala.