Chapa za nguo na siasa kali: yanayosemwa na yaliyo kweli

Septemba 2020, kampuni ya Fred Perry ilitangaza kwamba haiuzi tena Marekani na Kanada fulana yake nyeusi ya kola yenye mistari miwili ya njano. Wateja walikuwapo, tena ndio waliokuwa tatizo. Proud Boys, kikundi cha wanaume wa siasa kali za mrengo wa kulia kilichoanzishwa 2016, kilikuwa kimeifanya fulana ile sare yake. Tangu hapo yamesemwa mengi kuhusu chapa za aina hii, na sehemu kubwa ni maneno ya kuokoteza.

Dhana: Kampuni yenyewe ni ya wabaguzi.

Kwa Fred Perry ni kinyume kabisa. Mwenye jina hilo alikuwa mcheza tenisi wa Uingereza, mtoto wa mbunge aliyetoka tabaka la wafanyakazi, aliyetwaa Wimbledon mara tatu mfululizo, 1934 hadi 1936, enzi ambazo tenisi ilikuwa mchezo wa mabwana. Fulana yenyewe, yenye shada la majani lililodariziwa kifuani, ilitoka 1952. Proud Boys walipoanza kuonekana nayo, mwenyekiti wa kampuni alikumbusha mwaka 2017 kwamba Perry alikuwa mtoto wa msoshalisti, na biashara aliianzisha pamoja na Myahudi kutoka Ulaya ya Mashariki. Leo wenye mali ni kampuni ya Kijapani.

Sasa fulana hiyo ilifikaje kwa watu wa siasa kali? Njia yake ni ndefu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, vijana wa mitaa ya wafanyakazi London walinyoa vipara, wakavaa buti, suruali fupi za jinzi na fulana hizi. Walikuwa wakicheza muziki wa Jamaika, ska na rege, na mtindo wao waliuchota kwa sehemu kutoka kwa vijana wa Kijamaika waliokaa nao mtaa mmoja. Baadaye ndipo National Front, chama cha wabaguzi cha Uingereza, kilipoingia viwanjani na kwenye maonyesho ya muziki kusaka wafuasi, kikawapata baadhi yao. Wengine walikataa katakata. Mwaka 1987, huko New York, vipara wapinga ubaguzi waliunda kundi lao, SHARP, nao wakaendelea kuvaa yaleyale. Kwa hiyo katika ugomvi wa mtaani ungeweza kukuta shada lilelile la majani pande zote mbili.

Dhana: Kuna ujumbe wa siri ulioshonwa makusudi.

Hili husemwa sana kuhusu Lonsdale. Ni chapa ya vifaa vya ndondi iliyoanzishwa London mwaka 1960, na hata Muhammad Ali aliwahi kuivaa. Jina ni la bwana mkubwa wa Kiingereza aliyeupenda mchezo huo. Balaa ni mpangilio wa herufi tu. Vaa fulana yenye jina hilo kifuani, juu yake jaketi ulilolifungua kiasi, na kinachobaki kuonekana ni NSDA, herufi nne za mwanzo kati ya tano za NSDAP, kifupi cha jina la chama cha Hitler. Ujerumani, kifungu cha 86a cha sheria ya jinai kinakataza kuonyesha alama za chama hicho hadharani, kwa hiyo herufi nne zilizo halali zilikuwa na soko. Tena kuna waliokerwa na ile P iliyokosekana, wakatengeneza chapa yao, Consdaple, ili itimie. Hao ndio walioshona kwa makusudi. Lonsdale haikuwamo.

Dhana: Basi chapa zote zinasingiziwa.

La. Thor Steinar, iliyoanzishwa 2002 katika jimbo la Brandenburg, haikutekwa na mtu. Nembo yake ya kwanza iliunganisha alama za kale za Kijerumani kwa namna iliyofanana mno na zile za enzi za Wanazi, hadi 2004 mahakama ikaingilia na nguo zikakamatwa. Nembo ikabadilishwa, wateja wakabaki walewale. Norwei nayo ililalamikia bendera yake kupachikwa kwenye nguo hizo. Kioja ni kwamba baadaye chapa hiyo ilinunuliwa na kampuni ya Dubai, na baadhi ya wavaaji wake wakaja juu kusikia kwamba fedha zao sasa zinakwenda kwa Mwarabu. Mtu akikwambia hawa nao ni wahanga, mwulize nani aliichora nembo ile.

Dhana: Kampuni ikikanusha, yanaisha.

Tamko ni rahisi. Novemba 2016, ofisa mmoja wa New Balance, kampuni ya viatu ya Marekani, aliisifu sera ya biashara ya Trump. Haukupita muda, mtandao wa Wanazi mamboleo ukazitangaza raba hizo kuwa viatu rasmi vya watu weupe, huku wapinzani wa Trump wakichoma za kwao na kurusha video. Kampuni ikasema haivumilii chuki. Lonsdale ilikwenda mbali zaidi: ilifanya kampeni ya kusema inapenda rangi zote, ikafadhili klabu ya soka ya Leipzig inayopinga ufashisti. Ukiniuliza mimi, kinachoonyesha nia ni hasara. Fred Perry iliondoa bidhaa yenye soko, na ikasema haitairudisha mpaka iridhike kwamba uhusiano huo umekwisha.

Dhana: Aliyevaa ni mwenzao.

Fulana iliyotoka kwenye belo la mitumba Gikomba au Karume haisemi lolote kuhusu siasa za aliyeinunua. Hata Ulaya, wengi wanaovaa Fred Perry au Lonsdale wamependa mshono tu. Thor Steinar ni habari nyingine. Imepigwa marufuku ndani ya bunge la Ujerumani na katika viwanja kadhaa vya soka, na mlinzi wa getini hatakuuliza uliinunua wapi.